Kebo ya Ishirini na Tano

Sehemu ya tisa

Ngazi ikavutwa, na Scolastika akabaki ananing'inia.

Hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita, na najua wapo walionilaani wakalikunja gazeti. Haya, likunjueni. Kichwa cha fundi wetu kilikuwa ndani ya dari ya ghorofa ya kwanza, mkono mmoja umeshika boriti, mkono wa pili umeshika kebo ambayo yeye hakuichora na wala hakuivuta. Chini ya miguu yake palikuwa na hewa tupu na sakafu ya saruji.

"Nani huyo? Rudisha ngazi!"

"Shuka!" ikajibu sauti ya kiume kutoka chini.

"Nishukie wapi na ngazi unayo wewe?"

Mwenye ngazi alikuwa hajalifikiria hilo.

Vidole vya Scolastika vikaanza kuteleza. Alikuwa amefumba macho, anamwomba Mungu wake, aliposikia viatu vizito vikipanda ngazi za jengo na sauti nyingine, nzee na yenye mamlaka, ikifoka.

"Bhebhe, wewe! Nilisema mlinde nyumba, nilisema muue mafundi? Irudishe!"

Ngazi ikarudi. Scolastika akashuka, akamkuta chini Kamanda Mayala, mkuu wa sungusungu, upinde begani, akimkata jicho kijana wake mmoja aliyekuwa anatazama sakafu kwa aibu. Samahani, wewe uliyekuwa umeshaapa kwamba aliyevuta ngazi ni muuaji. Alikuwa mlinzi tu, tena mwenye bidii kupita akili.

"Shikamoo, Kamanda."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Unatafuta nini humo darini? Mjomba wako ana saa moja na nusu tu."

Hilo ndilo lililomwumiza Scolastika. Saa kumi alasiri.

Kwa aliyekosa magazeti yaliyopita, nasema haraka haraka. Huu ni mji wa Kahama, mwezi wa Juni, mwaka 1998. Mzee Mohamedali, mfanyabiashara, amejenga jengo la ghorofa tatu alipangishe kwa wazungu wanaotafiti dhahabu, nao wametaka kila meza iwe na simu na kompyuta, zote zitokee kwenye kabati moja la nyaya. Scolastika, binti wa hapa hapa aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam, ndiye aliyechora. Jilala, mjomba wake, ndiye aliyevuta kebo ndani ya kuta na dari.

Jumatatu, gari la Mohamedali lililokuwa likitoka Geita na dhahabu likavamiwa porini. Dereva wake, Onesmo, akapigwa risasi, na tangu siku hiyo hajafumbua macho. Njia ile ilipangwa asubuhi ile ile, kwa simu, kwenye meza ya Mohamedali. Kwa hiyo kuna aliyesikiliza. Sungusungu walipopekua, wakakuta ndani ya mfuko wa Jilala mkonga wa simu wenye vibanio viwili vya chuma. Kila fundi wa simu anao, ni wa kupimia laini. Lakini nani atamwelewesha mtu mwenye hasira?

Jilala akafungwa kamba. Kesi yake itasikilizwa uwanjani saa kumi, mbele ya ndugu na majirani wa Onesmo. Wapo wasomaji walioniandikia kutoka Ushetu wakisema mzee huyo ni mwizi, apigwe. Ngojeni kwanza.

"Kamanda," Scolastika alisema, "mimi nilichora kebo ishirini na nne. Humu darini zimo ishirini na tano."

"Una hakika umehesabu vizuri?"

"Wewe ukirudisha ng'ombe jioni, unahesabu vizuri?"

Kamanda Mayala akaitikia kwa kichwa. Lugha hiyo aliielewa.

"Akizidi mmoja zizini," alisema polepole, "huyo ni wa mtu, na mtu huyo yuko karibu."

"Basi kazidi mmoja. Na hana alama."

Akamweleza. Jilala hakusoma hata darasa moja. Scolastika alipobandika namba kwenye kila kebo, huku na huku, mjomba wake aliongeza alama zake mwenyewe: mafundo ya uzi wa katani. Kebo ya tatu mafundo matatu, ya nne manne, na kwa zile kubwa fundo nene lilisimama badala ya kumi. Hajawahi kuvuta kebo bila kuifunga uzi. Angeona ni sawa na kuachia ndama porini.

"Hii ya ishirini na tano haina uzi," Scolastika alisema. "Hakuivuta yeye!"

Uso wa Kamanda ukaanza kulegea. Lakini Mzee Mohamedali alikuwa amesimama mlangoni, mwenye ndevu nyeupe na macho mekundu ya mtu asiyelala tangu Jumatatu. Onesmo amemwendesha miaka kumi na nne.

"Fundi," alisema, "mwizi gani anaweka alama yake kwenye kitu cha wizi?"

Uso wa Kamanda ukakaza upya.

"Umesema kweli, Baba Gulnaz," Scolastika alimjibu mzee kwa jina la binti yake. "Basi tuifuate mpaka mwisho wake. Ikiishia kwa mjomba wangu, mimi mwenyewe nitatembea naye mpaka uwanjani."

"Utaifuataje ndani ya ukuta? Nimejenga juzi, unataka kunibomolea?"

Kipo kifaa cha kazi hiyo. Kinapiga mlio ndani ya kebo, nawe unausikiliza kwa nje ukutani. Lakini kifaa hicho kilikuwa Dar es Salaam, siku mbili kwa treni, na mjomba alikuwa na saa moja na robo. Scolastika akafikiri mpaka kichwa kikauma.

"Duka lako la chini bado linauza kengele za mlango? Zile za betri?"

"Ninazo."

"Naomba moja. Na redio ndogo, ya mawe mawili."

Mohamedali akapandwa na hasira. "Mjomba wako anakwenda kuhukumiwa, wewe unataka redio?"

"Kamanda," Scolastika akamgeukia mzee mwingine, "pikipiki ikipita nje ya nyumba yako wakati unasikiliza taarifa ya habari, redio inafanya nini?"

"Inakoroma. Sisikii kitu mpaka ipite."

"Kengele nayo inakoroma hivyo hivyo. Nikiifunga kwenye kebo hii, kebo nzima itakoroma, hata ndani ya saruji. Tutatembea na redio."

Kamanda Mayala akamtuma yule kijana wa ngazi. Alikwenda mbio, nadhani alitaka kusamehewa.

Scolastika akapanda tena. Kebo ile, kama zote, ilikuwa na nyaya nane nyembamba ndani yake, zimesokotwa mbili mbili: bluu, machungwa, kijani, kahawia. Mbili za bluu zilikuwa zimeunganishwa kwa siri kwenye laini ya simu ya Mohamedali, zikafungwa utepe mweusi. Hizo hakuzigusa, asije akamshtua mwenyewe huko alipo. Akazishika za kahawia, ambazo hazikuwa na kazi, akazifunga kwenye kengele.

Kengele ikalia. Akaizungushia kitambaa chake cha kichwa, akashuka, akawasha redio, akasogeza mshale mahali pasipo na stesheni. Shwaa, redio ikasema. Akaiweka ukutani.

Krrrrrr.

"Mama yangu!" akaropoka yule kijana, akarudi nyuma hatua mbili.

Wakaanza kutembea. Scolastika mbele, redio mkononi. Kamanda nyuma yake, Mohamedali nyuma ya Kamanda, vijana wenye mishale nyuma ya wote. Wakiipoteza kebo redio inarudi shwaa, wakiipata inakoroma. Wakapita mbele ya ofisi, ambako Gulnaz, binti wa Mohamedali anayempokelea baba yake simu, alitoa kichwa mlangoni.

"Baba, mnafanya nini?"

"Tunafuata ukuta. Rudi kwenye simu."

Mkoromo ukapita ubavuni mwa mlango, ukakunja kona, ukateremka kwenye ngazi za jengo. Scolastika alikuwa anahesabu mita kichwani. Kumi. Kumi na nne. Kumi na nane. Wakafika chini. Mkoromo ukaingia kwenye ukanda wa nyuma, ukatambaa mpaka kwenye mlango wa mbao.

Wote walikuwa wanaufahamu mlango ule. Ilikuwa stoo ya Jilala.

"Fungua," Kamanda alisema.

Ndani mlikuwa na maboksi ya kebo, mabomba ya plastiki, koti la mzee na sufuria yake ya uji. Scolastika akaweka redio kwenye ukuta wa stoo. Ikakoroma kuliko ilivyokoroma popote.

"Nilikuambia," Mohamedali alisema. Hakusema kwa ushindi. Alisema kwa uchungu, kwa kuwa Jilala alikuwa amekunywa chai nyumbani kwake.

Yule kijana wa ngazi hakungoja amri. Akatoka nje mbio. "Imeishia stoo! Stoo ya Jilala!" Na kutoka uwanjani ukajibu mwano, ule ukelele wa sungusungu unaopokelewa mtaa hadi mtaa mpaka mji mzima uwe umesimama.

Scolastika aliogopa. Niseme wazi, aliogopa si kwa ajili ya mjomba tu bali kwa ajili ya kile alichoanza kukifikiri. Je, kama ni kweli? Mzee huyu ndiye aliyeuza dume lake pekee ili yeye asome. Ndiye aliyemfundisha kushika plaizi kabla hajaota meno ya ukubwani. Je, kama umaskini umemshinda? Akaona haya kwa wazo lile, akaona pia kwamba haliondoki.

"Saa tisa na dakika ishirini," Kamanda alisema taratibu. "Mayu, mimi nimekusubiri. Wale hawatasubiri."

"Kamanda, dakika moja."

Akapiga magoti, akaipitisha redio chini, kwenye maboksi, kwenye koti. Shwaa. Akaipeleka kushoto. Shwaa. Akairudisha kwenye ukuta wa nyuma, karibu na bomba la maji machafu. Krrrrrr! Akaishusha sentimita chache, na hapo akaona tundu dogo lililozibwa kwa saruji mpya, bado ina rangi ya jivu.

"Haiishii hapa!" akapiga kelele. "Inapita! Baba Gulnaz, nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

Mohamedali akapepesa macho. "Chumba cha duka. Kinatazama uchochoro. Nimempangisha mtu wa Buseresere, muuza mitumba. Hajafungua bado."

"Umemwona?"

"Alituma barua na kijana wa kulipia."

Kamanda Mayala hakusubiri sentensi ya pili. Wakazunguka nje, wakaingia uchochoroni. Kufuli lilikuwa jipya na kubwa, lakini jiwe alilolishika Kamanda lilikuwa kubwa zaidi. Mapigo matatu, mlango ukafunguka.

Gunia moja la mitumba, halijafunguliwa. Mkeka, kigoda na kikombe chenye mashapo ya kahawa. Ukutani, chini, soketi ndogo nyeupe, na juu ya kigoda simu ya mezani.

"Duka la nguo lisilo na nguo," Kamanda alisema, akatema mate nje ya mlango.

Mohamedali alikuwa ameegemea ukuta. "Kumbe alikuwa anakaa hapa," alisema. "Mimi nikimpigia Onesmo Geita, namwambia mwanangu pita huku, usipite kule, na yeye yuko hapa anakunywa kahawa."

Scolastika alikuwa amejaa furaha. Mjomba amepona! Kilichobaki ni kumjua mwenye chumba. Akatoa bisibisi, akapiga magoti, akaifungua ile soketi.

Furaha ikamtoka yote.

Nyaya zote nane zilikuwa zimeingizwa kwenye soketi, moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Simu inahitaji mbili tu. Fundi angeingiza mbili akaenda zake. Huyu hakuwa fundi, alifuata mchoro kama mwanafunzi anayenakili ubaoni asichokielewa. Na za kahawia zilikuwa zimekaa mahali pa kijani, na za kijani mahali pa kahawia.

Scolastika aliyajua makosa yale, kwa sababu yalikuwa yake.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mtaa wa Nyasubi. Alikuwa anachora mpangilio wa rangi za soketi huku anacheka na kupiga soga, akabadilisha kijani na kahawia. Kesho yake akaligundua kosa, akachora upya, na huo mpya ndio uliotumika jengo zima. Ule wenye kosa ulikuwa mmoja tu duniani, na hajawahi kuuleta kazini. "Uache hapo mezani," aliambiwa na mwenye meza, "nitafungia maandazi."

Mwenye meza alikuwa Valerian.

Valerian, broka wa dhahabu, mchumba wake. Ng'ombe sita wa mahari walishafika, na aliyewapokea, kwa niaba ya marehemu baba yake, ni Jilala. Valerian, rafiki wa Onesmo tangu utoto, ambaye mji mzima ulikuwa unamsifu kwa kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa siku nne mfululizo. Valerian ambaye alikuwa akimletea Scolastika chakula kazini na kumshikia ngazi, anauliza, hii inakwenda wapi, mpenzi, na hii je?

Kikulacho ki nguoni mwako. Scolastika alikuwa amelisema neno hilo mara mia maishani mwake. Leo lilimwingia mwilini.

"Umeona nini?" Kamanda aliuliza.

Scolastika akapitisha kidole juu ya nyaya za kahawia.

"Fundi," Mohamedali alisogea, "hii ni kazi ya nani?"

"Ni mchoro wangu."

"Wako!"

"Mchoro ni wangu. Mkono si wangu."

"Mkono wa nani?"

Uchochoro ulikuwa umejaa watu sasa. Wakapasuka katikati, na vijana wawili wakamwingiza Jilala, mikono imefungwa nyuma, damu imekauka juu ya jicho. Hakuwatazama wazee. Alimtazama mpwa wake, magoti chini, bisibisi mkononi, soketi wazi mbele yake.

"Scola," alisema. "Usiwadanganye kwa ajili yangu. Na usiseme usichotaka kukisema. Mimi ni mzee, mama."

"Mjomba, nyamaza!"

Na hapo simu iliyokuwa juu ya kigoda ikalia.

Watu wakaruka. Ghorofani nako, kwa mbali, simu ya Mohamedali ilikuwa inalia kwa pigo lile lile, kwa kuwa laini ilikuwa moja. Juu, Gulnaz akapokea. Scolastika akaunyanyua mkonga taratibu, akaziba mdomo wake kwa kiganja, akamvuta Kamanda Mayala sikio kwa sikio.

"Haloo, kwa Mohamedali," ilikuwa sauti ya Gulnaz.

"Gulnaz, habari za huko? Ni Valerian, nipo hospitali."

Sauti ile ile. Tamu, yenye subira. Machozi yakamtoka Scolastika na hakuyafuta.

"Onesmo anaendeleaje?" Gulnaz aliuliza.

"Hivyo hivyo. Bosi yupo? Kesi imekwisha?"

"Bado! Kaka Valerian, huwezi kuamini. Dada Scola anazunguka na redio inakoroma ukutani. Wamefika stoo, na sasa nasikia wamevunja kile chumba cha nyuma."

Msichana wa watu hakuwa na kosa. Alikuwa anampa habari mtu wa nyumbani.

Kamanda aliinua macho kumtazama Scolastika, na Scolastika akatikisa kichwa: subiri.

"Chumba cha nyuma," Valerian alirudia. Kisha akavuta pumzi. "Sikiliza, Gulnaz. Onesmo ameanza kufumbua macho."

"Alhamdulillahi! Nimwambie baba aje?"

"Hapana. Asije mtu, daktari kasema asisumbuliwe. Manesi wamekwenda kula, nimebaki naye mwenyewe. Mwambie bosi asiwe na wasiwasi. Mimi nitakaa na Onesmo mpaka mwisho."

Gulnaz akaaga, akakata, ila laini ikabaki wazi kwa mkonga wa huku chini. Lakini Valerian hakuurudisha mkonga wake mahali pake. Waliusikia ukigonga meza ya nesi humo wodini, kisha viatu vikitembea, kisha kitanda cha chuma kikilia. Na sauti dhaifu sana, ya mtu anayetoka mbali.

"Vale... Porini... ilikuwa sauti yako."

Scolastika akaondoa kiganja mdomoni.

"Valerian!" Alipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamsimama. "Ni mimi, Scola! Nakusikia! Kamanda Mayala anakusikia! Mguse Onesmo uone!"

Uchochoro mzima ukaganda. Viatu vikasimama. Kisha vikarudi, polepole, mpaka pumzi zake zikajaa sikioni.

"Scola," alisema. "Umefika mbali kwa redio."

"Ondoka kwenye kitanda hicho."

"Kabla hujanihukumu, muulize mjomba wako. Pasaka, mlipofunga kazi, jengo lilikuwa na kufuli. Muulize nani alinifungulia."

Kamanda alikuwa ameshashika kisu, ameshaingiza makali kwenye kamba ya Jilala. Mkono ukasita. Alikuwa amesikia.

Scolastika akageuka. "Mjomba. Ulimfungulia Valerian?"

Mzee Jilala akainamisha kichwa.

"Mjomba!"

"Alikuja na boksi begani. Alisema anakuandalia zawadi ya harusi, nisikuambie." Akajifuta jicho begani. "Mkwe huyo, Scola. Ng'ombe wake wako zizini mwangu. Ningemwuliza mkwe anakwenda wapi na boksi?"

"Na siku nne hizi wanakupiga? Hukujua?"

"Nilijua tangu Jumatatu," mzee alisema. "Nikasema, acha wanipige. Nikimtaja, wewe utaolewa na nani?"

Mohamedali akaziba uso kwa mikono. Kamanda Mayala alibaki na kisu chake kwenye kamba, hajakata, hajakitoa. Scolastika alitaka kumkimbilia mzee yule, alitaka kumkumbatia na kumfokea kwa pamoja, lakini hakuweza kuuachia mkonga.

Maana humo ndani ya mkonga, hospitali, alisikia mlango wa wodi ukifungwa kwa ufunguo, kutoka ndani.